Asante, Sherekea na mbegu ya Uholanzi kwenye shamba lenye minyoo fundo

Nalima viazi mviringo bondeni Lukozi, Lushoto, na kiangazi hiki nilipanda aina tatu za mbegu, iitwayo Asante, iitwayo Sherekea na moja ya Uholanzi, kwenye shamba moja ambalo najua lina minyoo fundo, minyoo midogo ya udongoni. Najua kwa sababu kabla ya viazi palikuwa na nyanya, na nilipong'oa mashina nilikuta mizizi imevimba vinundu kama tangawizi. Shamba jingine lenye maji sina. Kwa hiyo nilipofika dukani swali langu lilikuwa moja tu: ipi inastahimili minyoo?

Kijana wa dukani akanitolea kipeperushi cha mbegu ya Uholanzi. "Mama, soma mwenyewe, hii minyoo haiigusi." Kweli pameandikwa inastahimili nematodi, yaani minyoo ya udongoni, na mbele yake herufi Ro1. Bei ilikuwa juu kuliko zote. Nikachukua gunia moja la kilo 50, nikaongeza Asante na Sherekea zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu.

Kwa uotaji sina lawama kwa hata moja. Macho yalikuwa mafupi na imara, na mapengo kwenye matuta ni ya kuhesabu. Kwa ugonjwa wa ukungu, Sherekea ndiyo mbegu. Ile ya Uholanzi ilinimaliza dawa, kila wiki bomba mgongoni, wakati Sherekea jirani yake imesimama kijani.

Habari yenyewe ilikuja siku ya kuvuna. Asante niliichimba siku ya 95, Sherekea na ile ya Uholanzi nikazisubiri hadi siku 120 maana majani yalikuwa bado mabichi. Kiazi cha Asante ukikiosha kinang'aa wekundu wake, chenye upele ni kimojakimoja. Katika madebe sita nilitenga moja tu. Sherekea nilitenga karibu nusu. Ya Uholanzi ndiyo iliyonitoa machozi: viazi vikubwa, umbo zuri, ngozi kama ya chura. Nilimenya kimoja ganda jembamba nikakipeleka kwenye mwanga wa mlangoni. Chini ya ganda kuna vidoa vya kahawia, na ndani ya kila kidoa punje nyeupe inayometa, ndogo kama kichwa cha pini. Hiyo punje ndiyo mnyoo jike, na mmoja hutaga mayai kwa mamia. Dalali alipasua viwili, akanirudishia gunia zima. Mwenye kukaanga chipsi hataki kumenya mara mbili.

Nilirudi kwa bwana shamba na kile kipeperushi. Akanionyesha Ro1 inasema nini. Ni aina ya minyoo mingine kabisa, ile ya vifuko, ambayo jike lake likifa mwili unakuwa kifuko kigumu chenye mayai yanayoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 20. Hiyo iliripotiwa Kenya mwaka 2015, kule Nyandarua. Mbegu inayoizuia haizuii minyoo fundo hata kidogo. Kipeperushi hakikudanganya, aliyenisomea ndiye hakujua, na mimi nikalipia. Nawasihi wenye maduka ya pembejeo: mkulima akisema minyoo, muulizeni ipi.

Na mbegu ya kiazi inayozuia minyoo fundo, kwenye zile tunazouziwa, hakuna. Zote huingiliwa. Ila kwenye udongo wa joto kama huu wa bondeni kizazi kimoja cha minyoo huchukua kama mwezi. Wa kwanza huingia kwenye mizizi, watoto wao ndio hukuta viazi vimeshatunga. Kila wiki unayokiacha kiazi chini baada ya kukomaa unawaongezea chakula. Asante haikupona kwa uhodari, ilipona kwa sababu ilitoka mapema.

Kwa shamba kama langu naipa Asante nyota nne. Sherekea tatu hapa bondeni, ila juu kwenye baridi na ukungu ningeipa tano bila kusita. Ya Uholanzi mbili, na nyota ya duka siitoi.

Msijidanganye pia na mahindi kama mzunguko. Minyoo hii huzaana kwenye mizizi ya mahindi bila vinundu vya kuonekana, na maharage na karoti ndiyo karamu yake. Viazi vyenye upele sikuhifadhi hata kimoja kwa mbegu, maana humo ndimo inamosafiria kutoka shamba hadi shamba. Nusu ya bonde nimeshamwaga marejea, mmea wa mbolea ya kijani unaopunguza minyoo hii, iko magotini sasa, nitaifukia ikianza kutoa maua. Nusu ya pili nitapanda Asante, na siku ya 90 naanza kuchimba hata kama majani ni mabichi.