Kuseti nywele zenye dawa kwa rola nyumbani, miezi mitano sasa

Mi nywele zangu zina dawa, zinagusa mabega, na kwa miaka kama minne kila nikiosha nilikua napiga pasi. Zinalala kweli, ila ncha zikaanza kukatika mpaka upande wa kushoto ukawa mfupi kuliko wa kulia, na pasi yenyewe inafika nyuzi 200 huko alafu napitisha hapo hapo mara tatu nne. Nikaiweka kabatini nikanunua rola na draya ya kofia, ile ya mfuko wa kitambaa unaovaa kichwani na bomba la hewa. Sa hivi nina miezi mitano naseti kila wiki.

Nianze na rola maana hapa ndo nilipoteza muda. Nilianza na za sponji kwa sababu ni laini na unaweza kulala nazo, lakini sponji inanyonya maji na nywele inatoka imekunjamana kama karatasi iliyofinywa. Nikajaribu zile zenye vijimwiba, kwenye nywele mbichi zinang'ang'ania na ukizitoa zinaondoka na nywele, kwa kweli mwenye nywele za dawa aziache kabisa kama ameosha. Zilizonifaa ni za plastiki nyororo zenye matundu, wengi wanaziita za magneti ingawa sumaku haimo, ni vile nywele iliyolowa inagandia yenyewe kwenye plastiki. Utosini naweka kubwa za sentimita 5, kisogoni ambako nywele ni fupi naweka ndogo kidogo.

Kitu kilichobadilisha matokeo yangu ni maji na mkono, sio losheni wala moto. Dawa ilishanyoosha nywele, ukiosha inakua tayari kukaa kwa umbo lolote itakalokaukia, sasa ikikaukia imevutwa vizuri juu ya kitu nyororo inatoka nyororo, ikikaukia imelegea inatoka na mawimbi ya ajabu. Kwa hiyo kila fungu lazima liwe linatota, sio unyevunyevu, nina chupa ya kupulizia pembeni na fungu likianza kukauka nalilowesha tena kabla sijaligusa. Fungu lisizidi upana wa rola. Nachana kuanzia ncha kupanda juu mpaka kitana kipite bila kukwama, navuta nywele kwenda juu kabisa kutoka kichwani (nilikua navuta kushuka chini, mizizi ikawa inabaki imevimba), nafunika ncha na kale kakaratasi kembamba, nakunja bila kulegeza mkono, nabana. Ncha ikijikunja vibaya ndani ya rola fungua uanze upya, ile haijinyooshi yenyewe.

Kabla ya hapo ni shampuu, kondishena nzito nusu saa, nasuuza, napaka kondishena nyepesi ya kuacha kichwani bila kusuuza na losheni ya kuseti niliyoichanganya na maji. Losheni ikiwa nyingi nywele zinakakamaa na kuacha unga mweupe, kidogo inatosha.

Kukausha sasa, hapa nawaomba mvumilie. Mimi nakaa saa moja na robo kwa moto wa wastani, na wiki ya tatu nilitoa rola baada ya dakika 45 kwa sababu juu nilishika nikaona pakavu, kumbe ndani bado mbichi, kufika mchana kichwa kizima kimetutumka na ikabidi nirudie kesho yake. Tangu hapo nafungua rola moja tu ya utosini, ambayo kwangu ndo inachelewa kukauka, nikisikia ubaridi naikunja tena narudi chini ya draya. Zikikauka nazima na kusubiri dakika 15 zipoe zikiwa bado zimefungwa, maana ukitoa za moto umbo linalegea hapo hapo.

Alafu nachana kuzunguka kichwa, nafunga kitambaa cha satini kwa kukaza, narudi kwenye draya dakika 10. Hiyo ndo inayotoa mikunjo ya rola, nywele zinalala na zinang'aa, zinacheza nikigeuza shingo, kitu ambacho pasi haikuwahi kunipa, pasi ilikua inazifanya nyembamba na bapa.

Draya yenyewe sijairidhia sana, bomba linachomoka ukigeuka na juu ya masikio panaunguza, naweka pamba. Rola hazina neno ila vibanio vya chuma vinaacha alama, nilibadilisha nikachukua vya plastiki. Na muda jamani, kuanzia kuosha mpaka kufungua kitambaa ni saa tatu, mikono inauma hasa ukifika kisogoni, mwezi wa kwanza nilikua nalala nimechoka kweli.

Kinachonisumbua bado ni mizizi. Baada ya kupaka dawa, wiki sita za mwanzo kila kitu kinalala, ikifika ya nane nywele mpya zimeota na rola haiwezi kuzinyoosha, nimejaribu kuvuta zaidi kichwa kikauma na mbele kwenye paji nikaona vijipele, nikaacha. Sasa wiki hizo naseti kama kawaida, mizizi naiachia kitambaa usiku kucha, na kama bado imesimama nabana nywele nyuma. Upande wa kushoto umebakiza kama sentimita 2 kuufikia wa kulia.