Mikono miwili ya kushoto: uzoefu wangu wa mazoezi ya akili baada ya skizofrenia

Mimi ni fundi cherehani, Mbagala. Nina skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, mwaka wa tisa huu. Sindano ya kila mwezi imezinyamazisha sauti, nashukuru Mungu. Kilichonipeleka kwenye mazoezi haya ya akili, ya kukumbuka na kupanga mambo, ni kile kilichobaki: kichwa kizito. Napima kiuno cha mteja, nageuka kuchukua daftari, namba imeshapotea. Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Idi, nilikata gauni la kitenge la mama mmoja nikatoa mikono miwili, yote ya kushoto. Kitenge nikalipa. Nyumbani wakasema nimekuwa mvivu. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba kusahau na kushindwa kupanga mambo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na dawa hazisaidii sana upande huo.

Tulikutana mara mbili kwa wiki, saa moja moja, mimi na mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nilitegemea kompyuta, nikakuta karatasi na penseli. Wiki ya kwanza nilitaka kuacha. Mtu mzima na watoto wangu, naunganisha namba kwa mistari kama niko chekechea! Kisha akanisomea vitu 12 vya sokoni nivirudie. Nikapata vinne. "Fundi, usivibebe kimoja kimoja," akasema. "Vya mboga weka huku, vya kufulia kule." Nikapata tisa. Hapo nikaanza kumsikiliza.

Mbinu nyingine ni kutamka kwa sauti unachokifanya, baadaye kunong'ona, mwisho moyoni. Mtu aliyewahi kusikia sauti anaambiwa ajisemeshe mwenyewe! Tulicheka wote wawili.

Ila kilichonifaa zaidi ni swali lake la kila mwisho wa kipindi: "Hii utaitumia wapi kwenye kazi yako?" Sasa futi kamba haiondoki mwilini mwa mteja mpaka namba nimeitamka na kuiandika. Kila kipande nakitia alama ya chaki, SH cha kushoto, L cha kulia. Ukiandika K umejimaliza mwenyewe.

Mpwa wangu wa chuo alinisomea kazi ya Til Wykes wa King's College London na wenzake, waliojumlisha tafiti 40 mwaka 2011. Waliona mazoezi haya yanafaa zaidi mgonjwa akiwa ametulia, na yanabadilisha maisha zaidi yakifundisha mbinu na kwenda pamoja na huduma nyingine za utengamao, yaani za kumrudisha mgonjwa kwenye maisha yake ya kawaida. Nami naona hivyohivyo. Kama sauti bado zinakusumbua, tulia kwanza na dawa.

Malalamiko ninayo. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na siku ya kazi imekwenda. Halafu mwezi wa nne nilifika nikakuta mlango una kufuli: dada wa watu kahamishwa, hakuna aliyetupigia simu, wala mwingine hajaletwa mpaka leo. Kwa hilo napunguza nyota moja. Nne kati ya tano.

Wateja wawili wakiongea kwa pamoja bado napotea, mmoja namwomba akae kwenye benchi kwanza. Yule mama wa gauni la Idi alirudi mwezi uliopita na kitenge kipya. Alisimama pembeni yangu, kimya, mpaka nilipomaliza kukata.