Kichujio kilichomfuta muuguzi wa zamu ya usiku: uzoefu wangu na jukwaa la mafunzo

Ninaratibu mafunzo ya wauguzi katika zahanati kadhaa za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kuanzia Umoja hadi Dandora, na katika kazi hii nimetumia majukwaa mengi ya kujifunzia mtandaoni, lakini hakuna lililonikasirisha kama hili tulilojiunga nalo mwaka uliopita. Bei na idadi ya moduli sitazieleza, kwa kuwa zote ziko kwenye tovuti yao. Ninachotaka kueleza ni kichujio kimoja cha tarehe, na jinsi kilivyokaribia kumharibia jina muuguzi mwenye bidii kuliko wote niliopata kuwasimamia.

Ripoti ya maendeleo hutumwa kwa baruapepe kila Jumapili jioni, kwangu na kwa mkurugenzi. Mfumo huchuja shughuli za wiki, ukaweka rangi nyekundu kwenye majina ya wale ambao hawakufanya lolote, na wiki nyekundu zikifuatana mhusika huandikwa "Ametelekeza kozi". Muuguzi mmoja wa Kayole alikuwa mwekundu wiki baada ya wiki. Mkurugenzi akaanza kusema kwamba nafasi yake apewe mwingine, na jambo hilo si dogo kwa muuguzi, kwa sababu Baraza la Wauguzi la Kenya hudai alama za mafunzo endelevu kabla ya kuhuisha leseni.

Nilimpigia simu. "Mwalimu, mimi nimeshafika moduli ya nne," akaniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka kujitetea, kisha akanitumia picha ya skrini ya simu yake. Lilikuwa jaribio la kuzuia maambukizi, alama 18 kati ya 20, limewasilishwa Jumatatu saa saba na dakika arobaini na saba usiku. Yeye husoma usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa sababu ndio usiku ambao zamu yake huwa tulivu, na bando za usiku ni nafuu kuliko za mchana.

Nilipofungua ukurasa wake binafsi nililikuta jaribio lile lile, lenye alama zile zile, ila limeandikwa Jumapili, 22:47. Tofauti ni saa 3 kamili. Seva huhifadhi muda kwa UTC, yaani saa ya rejea ya kimataifa, nasi Nairobi tuko saa 3 mbele yake. Kuhifadhi hivyo si kosa, bali ni utaratibu mzuri, mradi muda ugeuzwe kuwa wa hapa kabla ya kuchujwa. Kichujio chao hakiugeuzi. Kazi aliyoifanya Jumatatu usiku ule inahesabiwa kuwa ya Jumapili, yaani ya wiki ambayo ripoti yake ilikwishatumwa jioni, na wiki inayofuata huanza kuhesabiwa baada ya kazi hiyo kupita. Haimo katika ripoti ya kwanza, wala haimo katika ya pili. Mtu anaweza kusoma kwa namna hiyo hadi amalize kozi nzima, na bado kila ripoti ikamwonyesha kuwa hajagusa kitu.

Nilipiga simu kwa huduma kwa wateja nikiwa na picha zote mbili tayari. Kijana aliyepokea hakutaka kuziona. "Madam, data haidanganyi," akasema. "Huyo muuguzi wako labda anafungua ukurasa halafu analala. Mfuatilie." Nilipomweleza habari ya saa 3, alinikatiza akasema kwamba hakuna mteja mwingine aliyewahi kulalamika, kisha akakata simu. Bila shaka hakuna aliyelalamika! Wanaoumizwa na ripoti hizi hawazioni. Zinakwenda kwa wakubwa wao, na wakubwa huamini rangi nyekundu kuliko neno la mtu. Maneno yale bado yananichoma, kwa kuwa yalimhusu mtu anayezalisha akina mama usiku kucha na bado akapata nguvu ya kufungua somo.

Kampuni inayohifadhi taarifa za Wakenya ingepaswa pia kukumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kusahihishiwa taarifa zake zisizo za kweli au zinazopotosha. "Ametelekeza kozi" ni taarifa inayopotosha.

Haki niitende hata nikiwa na hasira: ukurasa wa mwanafunzi mmoja mmoja ni bora kuliko yote niliyoyaona. Kila jaribio limo, na kumaliza kumetenganishwa na kufaulu, jambo ambalo mifumo mingi haifanyi. SCORM ni kiwango cha kiufundi kinachoyawezesha masomo ya mtandaoni kurekodi matokeo kwenye majukwaa, na toleo lake la zamani, SCORM 1.2, liliyaweka yote mawili katika sehemu moja hadi SCORM 2004 ilipoyatenga, na masomo ya mtindo ule wa zamani bado yanatumika. Hapa ninaweza kuchuja waliomaliza bila kufaulu na kuwapangia marudio asubuhi hiyo hiyo. Kwa hilo nilikuwa tayari kutoa nyota 3.

Lakini nikirudi kwenye muhtasari anaoletewa mkurugenzi, nakuta wastani wa darasa unaomhesabu asiyefanya jaribio kama aliyepata sifuri. Darasa ambalo nusu wamepata 100 na nusu hawajaanza huonekana kuwa la watu wa 50, ilhali hakuna hata mmoja mwenye 50. Mkurugenzi akisoma namba hiyo ataamuru darasa zima lirudie somo.

Baada ya barua zangu kadhaa, hadhi ya muuguzi ilibadilishwa kimyakimya ikawa "Hai". Hakuna aliyemwomba radhi, na ripoti za wiki zilizopita bado zimekaa vile vile katika baruapepe ya mkurugenzi, na jina lake likiwa jekundu. Naweka nyota 1, na sitaiongeza hadi ripoti hizo zitolewe upya kwa saa za Nairobi na kutumwa kwa kila aliyepokea zile za kwanza.