Visanamu vya michezo ya kuigiza ya mezani: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Kabla ya kutazama sura ya kisanamu, tazama kitako chake, yaani kisahani cha chini kinachokisimamisha. Ramani nyingi za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza shujaa na msimamizi huendesha hadithi na maadui, zina miraba ya inchi 1, na kila mraba ni futi 5 za ulimwengu wa mchezo. Mtu wa kawaida hukaa kwenye kitako cha milimita 25, zimwi kubwa hukalia miraba minne kwa kitako cha milimita 50, na joka lililokomaa linahitaji milimita 75. Namba 28 au 32 inayoandikwa kwenye pakiti ni urefu wa mtu kwa milimita, na watengenezaji hawapimi kwa namna moja: wengine huishia machoni, wengine utosini. Ndiyo maana shujaa wa kampuni moja huonekana kama mtoto akisimama kando ya wa kampuni nyingine. Kwa mashujaa, shikamana na kipimo kimoja. Kwa mazimwi haina neno. Nani anajua goblini, kijizimwi cha hadithi, ana urefu gani? Hizi hapa aina zake, kuanzia ya kununua kwanza.

1. Karatasi. Inadharauliwa bure. Kwa msimamizi anayehitaji maadui ishirini kufikia wikendi, hakuna kinachoifikia. Chapisha picha ya mbele na ya nyuma kwenye karatasi ngumu ya gramu 200 kwa mita ya mraba. Ukizidi sana hapo, printa nyingi za nyumbani hukwama. Kunja, gundisha, kisha ndipo ukate. Ukianza kwa kukata, pande mbili hazitalingana. Tumia gundi ya kijiti, maana gundi ya maji hukunjamanisha karatasi. Pitisha kalamu nyeusi nene kwenye kingo ili weupe usionekane. Ukinunua vitako vya plastiki vyenye mfereji, hakikisha mfereji unabana karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ukiwa mpana, wapiganaji wote watalala chali mtu akigusa meza.

2. Plastiki laini ya kipande kimoja, isiyopakwa rangi. Hapa ndipo pa kuwatafutia mashujaa wa wachezaji. Nolzur's Marvelous Miniatures huja vikiwa na praima tayari, yaani rangi ya awali inayoshikisha rangi nyingine. Reaper Bones vya plastiki nyeupe ya mwanzo haviji nayo. Kasoro yake kubwa ni panga na mikuki iliyopinda. Chovya kwenye maji yanayokaribia kuchemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, nyoosha, kisha tumbukiza papo hapo kwenye maji ya baridi sana. Ukichelewa na maji ya baridi, upanga unarudi ulivyokuwa.

Osha kwa sabuni na mswaki wa zamani, kwa sababu mafuta ya kiwandani hukataa rangi. Mistari iliyoachwa na kalibu ikate kwa kisu kikali. Msasa huacha nywelenywele kwenye plastiki hii. Tahadhari kubwa zaidi ni praima ya kupuliza: aina kadhaa hubaki zikinata juu ya plastiki laini, na kuzisubiri hakusaidii. Paka praima ya akriliki kwa brashi. Ukiamua kupaka rangi moja kwa moja, tabaka la kwanza lisitiwe maji, la sivyo rangi itajikusanya matonematone.

Rangi nane zinatosha kuanzia: nyeusi, nyeupe, kahawia, ya ngozi, nyekundu, bluu, fedha, na rangi ya giza iliyo majimaji, inayotiririka kwenye mikunjo. Brashi namba 1 yenye ncha nzuri inashinda brashi nyembamba kabisa, ambayo hukauka kabla ya kufika usoni.

3. Vilivyopakwa rangi kiwandani. Ni vya asiyetaka kushika brashi. Ubaya ni kwamba vingi, vikiwemo vya Icons of the Realms, huuzwa kwenye boksi usilojua lina nini ndani. Usibahatishe: nunua kimojakimoja kwa muuzaji aliyekwisha kufungua boksi.

4. Resini (kimiminika kinachogandishwa kwa mwanga) iliyochapishwa kwa printa ya 3D. Umbo lake ni safi kuliko vyote vilivyotangulia, lakini agiza kwa mwenye mashine badala ya kununua mashine yako. Resini mbichi huleta mzio wa ngozi, kwa hiyo printa inadai glavu za nitrili, chumba chenye hewa, alkoholi ya isopropili ya kuoshea na taa ya UV ya kukaushia. Visanamu kumi havistahili gharama hiyo. Muulize mchapishaji kama ana leseni ya kuuza, kwani mafaili mengi ni ya matumizi binafsi tu. Kikifika, kiguse: kikinata, hakikukaushwa vizuri. Zimwi kubwa lililo wazi ndani liwe na matundu ya kutolea resini mbichi, maana inayonaswa humo hulipasua baadaye. Mikuki myembamba huvunjika kama tambi kavu, basi omba resini iliyochanganywa na aina ngumu isiyokatika. Printa ya uzi wa plastiki yenye pua ya milimita 0.4 ifanyie kuta na milango, nyuso haiziwezi.

5. Plastiki ngumu ya kuunganisha. Inapendeza, inachosha. Gundi yake huyeyusha polistirini, yaani plastiki hiyo ngumu, na kuishikamanisha. Kwenye resini, chuma au plastiki laini haifanyi kitu, huko tumia supaglu.

6. Chuma. Kizito, na rangi hubanduka kwenye ncha. Viungo vizito vitobolewe kwa drili ya milimita 1 na kutiwa waya, la sivyo mkono utadondoka katikati ya pambano. Vya zamani huenda vina madini ya risasi: usimpe mtoto, nawa mikono.

Kwa kundi la wachezaji wanne, oda ya kwanza iwe mashujaa wanne wa namba 2, kurasa mbili tatu za maadui wa karatasi, zimwi moja la kitako cha milimita 50, na vanishi isiyong'aa ya kupaka kwa brashi, tabaka mbili nyembamba. Joka lingoje kampeni, yaani hadithi ndefu mnayoicheza, ifike kwenye joka.