Fundi hodari, tausi kichwa chini

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya zipu ya gauni alilonishonea, si yake yeye fundi.

Nianze na zipu basi, nisije nikaonekana nina roho mbaya. Kaiweka mgongoni mpaka huoni inapoanzia. Haikwami, wala haijajikunja pale kiunoni ambako mafundi wengi huharibu. Ndani kapiga ovaloki kila mshono, bitana imetulia, hakuna uzi unaoning'inia. Kumbe mtu kazi anaijua! Hilo ndilo linaloniuma.

Kitenge nilikinunua mwenyewe Mtaa wa Uhuru, Mnazi Mmoja, cha tausi wakubwa waliosimama. Tausi ana kichwa na miguu. Huhitaji kwenda chuo cha ufundi cha VETA kujua kipi kinakaa juu. Nafika kuchukua gauni, sendofu ya mdogo wangu imeshakaribia, naambiwa nimalizie hela kwanza ndipo nijaribu. Nikalipa. Navaa, nageukia kioo: tausi wa kushoto kasimama wima, wa kulia kichwa chini miguu juu, mdomo unanichoma kiunoni.

"Fundi, huyu mbona amekufa?" Hapo bado natania, bado nina adabu zangu.

Hata macho hakuinua. "Dada, kitenge ni kitenge. Watu wanakuja kula, nani atakaa kuangalia kifua chako?" Kijana wake wa vifungo akacheka. Halafu ndiyo akakumbuka kisingizio: kitambaa hakikutosha.

Uongo. Yadi sita, gauni la mikono mifupi, na mimi si mnene kihivyo. Alichofanya kinajulikana. Ukilaza vipande kimoja kichwa juu kingine kichwa chini, vinabanana vizuri na kitambaa kinabaki. Kwa kitambaa cha rangi moja hiyo ni akili, simlaumu mtu. Kwa chenye picha inayosimama, vipande vyote vinalazwa upande mmoja, na ukiona kitambaa ni kidogo unasema mapema, kabla mkasi haujagusa: dada, ongeza yadi mbili. Ningeongeza! Mtaa wa Uhuru haujahama.

Na kilichobaki nimekiona kwa macho yangu. Kashonea kifuniko cha cherehani yake, ile Butterfly ya pembeni. Tausi wote wamesimama wima.

Tena pale mlangoni katundika gauni la mfano, maua yamekutana kwenye mshono wa mbele mpaka unadhani kitambaa hakikukatwa. Ndilo lililoniingiza dukani. Kwa hiyo anaweza, ila kazi ya moyo ni ya kutundika mlangoni. Mteja aliyekwisha lipa atajijua mwenyewe. Alinipunguzia elfu tano, kwa kuzirusha mezani.

Sasa niseme na haya, maana nikinyamaza nitakuwa mnafiki. Sendofu nilikwenda na gauni hilohilo, nimetupia mtandio begani kuficha marehemu, na joto lile la Dar. Mashangazi wakawa wananizungusha: nani kakushonea, mbona limekukaa hivi? Nikawatajia. Sijui kwa nini nilimtaja, mdomo ulitangulia. Basi nyota mbili. Kwa mshono peke yake ningempa hata nne, maana kiuno kile sijawahi kukipata kwa fundi mwingine, na nimeshapeleka vitambaa vingi kwa wengi.

Lakini nikifungua kabati namwona yule tausi, nakumbuka "kifua chako", nakumbuka na kile kicheko. Narudi kwenye moja.

Mwenye kitambaa kisicho na juu wala chini, mpelekee, hutajuta. Cha mistari usithubutu. Mimi ninacho hapa cha madoadoa, na ndiyo, nitampelekea yeye. Ila safari hii najaribu kwanza ndipo natoa hela, na akileta maneno nakunja kitambaa changu naondoka.