Pentax K1000 au Nikon FM2 kwa anayerudi kwenye filamu

Kamera hizi mbili zinafanana katika jambo kubwa: betri ikiisha, kinachozimika ni kipima mwanga tu, na picha zinaendelea kupigwa. Tofauti huonekana juani. Ukipakia filamu ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) na kumpiga mtu picha saa sita mchana kando ya Nile pale Jinja, K1000, ambayo kasi ya shata yake (pazia linaloruhusu mwanga kufikia filamu) huishia 1/1000 ya sekunde, hukulazimisha kubana tundu la lenzi hadi karibu f/11 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo). FM2 ya mwaka 1982 hufika 1/4000, hivyo unaweza kufungua hadi f/5.6 na kufifiza mandhari ya nyuma. Hata hivyo, mimi ningechukua K1000 kwa wepesi wake wa kueleweka, mradi lenzi ifunikwe kila mara isipotumika, maana kipima mwanga chake hakina swichi ya kuzimia na mwanga ukiingia huendelea kula betri.