Kenya Law kwa mjumbe wa bodi ya chuo: sheria ni bure, ila nyaraka za wizara tafuta kwingine

Bodi ya chuo cha ufundi cha umma nchini Kenya inaweza kuvuka mwaka mzima bila kumlipa wakili, mradi mjumbe mmoja ajue kuitumia tovuti ya Kenya Law ipasavyo. Huduma hii huendeshwa na Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ambalo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu. Sheria zilizotungwa na Bunge, kanuni, Gazeti Rasmi la Serikali na hukumu za mahakama vyote vimo. Kusoma hakuna ada wala kujisajili.

Anza na Gazeti Rasmi, siyo sheria. Uteuzi wa mwenyekiti na wajumbe hutangazwa humo na Waziri, na tangazo huonyesha jina, muda wa kutumikia na tarehe unapoanza. Muda huhesabiwa kutoka tarehe hiyo. Siku ya kikao cha kwanza haihusiki, na hapo ndipo bodi nyingi hupotea njia: kikao cha kwanza kikichelewa miezi mitano, wajumbe hudhani miezi hiyo wataongezewa mwishoni. Hawaongezewi. Azimio la kupitisha bajeti lililofanywa baada ya muda kwisha linaweza kupingwa mahakamani na mtu yeyote mwenye sababu. Tafuta kwa jina kamili la chuo, kisha urudie kwa jina la zamani kama kilibadilishwa. Gazeti hutoka kila Ijumaa na huwa na matoleo maalum katikati ya wiki, kwa hiyo kukosa tangazo katika toleo la Ijumaa hakumaanishi kwamba halipo.

Sheria mama ni ile ya elimu na mafunzo ya kiufundi, Namba 29 ya 2013. Katika toleo la sheria la 2022 sheria nyingi zilizokuwa zikiitwa kwa namba na mwaka zilipewa namba za sura, na hii ikawa Sura ya 210A. Kumbukumbu za vikao vya zamani zinataja namba ya kwanza, barua mpya zinataja ya pili, na wajumbe hubishana kumbe wanazungumzia kitu kimoja. Kutafuta kwa namba ya sura ndiyo njia fupi kuliko zote. Muundo wa bodi uko kwenye majedwali ya mwisho: wajumbe wasiopungua 7 na wasiozidi 9, wanaoteuliwa na Waziri, akiwemo mwakilishi wa Katibu wa wizara na mwakilishi wa gavana wa kaunti. Anayesoma vifungu vya mwanzo pekee hataviona hivi. Chuo kikiwa politekniki ya kitaifa, usiishie kwenye sheria hiyo: taasisi hizo zina baraza, na kila moja ina agizo lake lililochapishwa miongoni mwa kanuni.

Kila sheria huonyesha tarehe ya toleo unalosoma pamoja na historia ya marekebisho yake. Hili ndilo jambo bora kabisa katika tovuti nzima. Swali la bodi huwa mara nyingi ni sheria ilisema nini siku ile mkataba uliposainiwa, na PDF iliyopakuliwa miaka mitano iliyopita na kusambazwa kwenye kundi la WhatsApp la bodi haiwezi kulijibu.

Ila sheria ya chuo haitoshi, na tovuti haitakuambia hivyo. Inakupa ulichokitafuta, basi. Sheria zinazoifunga bodi mikono kila siku hazina neno "chuo" katika majina yake. Chukua ununuzi, Sura ya 412C, sheria ya 2015. Kifungu cha 44 kinaweka jukumu la msingi kwa afisa wa uhasibu, ambaye chuoni ni mkuu wa chuo. Kifungu cha 46 kinampa yeye uwezo wa kuunda kamati ya kutathmini zabuni. Bodi hupitisha bajeti na mpango wa ununuzi wa mwaka, kisha hukaa kando. Kamati ya fedha ya bodi inayoitisha bahasha za zabuni ya jengo la karakana "ili ijiridhishe" imeshaharibu zabuni hiyo: aliyeshindwa ana siku 14 za kupeleka malalamiko kwenye bodi ya rufaa ya ununuzi, na kuingiliwa kwa tathmini ni hoja atakayoishika kwa mikono miwili. Kifungu cha 54 kinakataza kugawanya ununuzi ili kukwepa utaratibu. Samani za milioni nne zikinunuliwa kwa hati nne za milioni moja moja, mkaguzi hahitaji kutafuta mbali. Kifungu cha 157 ndicho chenye ile asilimia 30 ya ununuzi inayotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na inafaa ionekane tayari ndani ya mpango wa mwaka, badala ya kutafutiwa hesabu mwezi Juni.

Usimamizi wa fedha za umma uko Sura ya 412A. Mwaka wa serikali hufungwa 30 Juni, na taarifa za fedha zinatakiwa kufika kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ndani ya miezi mitatu, yaani kufikia 30 Septemba. Taarifa za robo mwaka zina siku 15 tu. Ratiba ya vikao ipangwe kwa kurudi nyuma kutoka tarehe hizo: kikao cha kupitia hesabu kisipite wiki ya pili ya Septemba, la sivyo wajumbe watasaini walichokisoma usiku mmoja.

Kwa upande wa wafanyakazi, wakufunzi wa serikali huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Umma, na bodi huajiri wale inaowalipa yenyewe. Kwa nidhamu ya wanafunzi, soma Sura ya 7L, ya haki katika maamuzi ya kiutawala: taarifa mapema, nafasi ya kusikilizwa, sababu kwa maandishi. Barua ya kumfukuza mwanafunzi iliyoandikwa kabla ya kusikilizwa ni ya kupotezea kesi. Hukumu za Mahakama Kuu zilizomo kwenye tovuti zinasaidia sana hapa, kwani utaona namna mahakama inavyopima kila hatua. Ulinzi wa data za wanafunzi uko Sura ya 411C, na taasisi ya elimu lazima ijisajili kwa Kamishna wa Data hata ikiwa ndogo. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wajumbe wanaopenda kurusha picha za mahafali wasimuliwe kisa hicho.

Mtego mkubwa uko kwenye kanuni. Kwa Sura ya 2A, sheria inayosimamia utungaji wa kanuni, kanuni zisizofikishwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa hukosa nguvu, na hata zilizofikishwa hufa zenyewe baada ya miaka 10, isipokuwa ziongezewe muda, mara moja tu, usiozidi miezi 12. Maana yake, kanuni za 2015 zilifikia ukomo wake mwaka 2025. Kuiona kanuni kwenye skrini si uthibitisho kwamba ingali hai. Tazama tarehe ya kutungwa, hesabu miaka, kisha utafute tangazo la kuongezwa muda.

Sasa mapungufu. Nyaraka za Hazina ya Kitaifa, barua za wizara na Mwongozo, ile kanuni ya utawala wa mashirika ya umma ya mwaka 2015, hazitungwi na Bunge, kwa hiyo usitegemee kuzipata kwa utaratibu hapa. Posho za vikao, tathmini ya bodi na idadi ya kamati huamuliwa zaidi na nyaraka hizo. Katibu wa bodi awe na jalada lake, kila waraka na tarehe yake na kama umefutwa. Lugha nayo ni kikwazo: sheria na hukumu karibu zote ziko kwa Kiingereza, na mjumbe fundi stadi wa kuchomelea anayeongea Kiswahili safi hujikuta akitegemea tafsiri ya mkuu wa chuo, yaani mtu yule yule anayepaswa kumsimamia. Kwa simu, hukumu ndefu huchosha. Pakua PDF.

Pendekezo la matumizi: kwa kila ajenda inayogusa sheria, katibu aweke kwenye makabrasha ukurasa wa kifungu husika pekee, wenye tarehe ya toleo, na kumbukumbu zitaje sura, kifungu na tarehe hiyo. Ni kazi ya dakika kumi kwa ajenda.